Hei ya mikono kwenye shamba dogo, bila trekta wala mashine ya marobota

#1 Mtema Majani

Wakuu, salaam. Kila uzi wa ng'ombe au mbuzi ukifika katikati lazima atokee mtu aulize habari za hei, yaani nyasi za kukaushwa na kuhifadhiwa kwa kulisha mifugo, ajibiwe "kata, anika, funga", kisha mjadala urudi kwenye kupe. Nimeona hei nayo ipate jamvi lake.

Nazungumzia mtu mwenye ekari moja au mbili za nyasi, ana kwanja au mundu, reki na nguvu zake mwenyewe. Mwenye trekta aanzishe wake.

Msimamo wangu nautoa mapema, anayetaka kunipinga apate muda wa kunoa: mtu wa mikono anaweza kutoa hei nzuri kuliko ya mashine, mradi akate kidogo kidogo. Kidogo maana yake ni kipande ambacho mawingu yakibadilika unaweza kukikusanya chote na kukiingiza ndani kabla tone la kwanza halijaanguka. Mashine inapukutisha majani na kuzoa udongo. Mkono unachagua. Lakini ukipata vibarua ukafyeka ekari nzima kwa mkupuo, faida yote ya mkono imeishia hapo, sasa unacheza kamari na mvua.

Tuanze na maji, maana hei ni kazi ya kuondoa maji. Nyasi mbichi zina maji asilimia 75 hadi 80. Hei ya kukaa ghalani miezi bila kuoza inatakiwa ibaki na asilimia 15 hivi, ikizidi sana 18. Sasa piga hesabu. Robota la kilo 20 lenye unyevu wa asilimia 15 lina kilo 17 za kitu kikavu. Kilo 17 hizo zinatoka kwenye nyasi mbichi kilo 85, kama zilikuwa na maji asilimia 80. Kwa hiyo kila robota moja limepoteza kilo 65 za maji hewani. Marobota 50 ni zaidi ya tani 3 za maji, na yote yanaondolewa na jua na upepo. Wewe kazi yako ni kutowawekea kizuizi.

Na maji hayo hayatoki kwa mwendo mmoja. Nyasi zikishakatwa, vitundu vya jani bado viko wazi kwa muda na maji yanakimbia. Vikifunga, yaliyobaki yanajikokota kupitia ngozi ya jani na shina. Wakati huohuo jani halijajua kwamba limekufa: linaendelea kupumua na kuunguza sukari yake mpaka unyevu ushuke karibu na asilimia 40. Sukari hiyo ndiyo chakula cha mnyama wako. Ndiyo maana saa za mwanzo ni za dhahabu. Ukikata tu, tandaza nyembamba, zienee eneo lote ulilolifyeka. Kuna watu wanakata na kulundika palepale eti zisichomwe na jua. Lundo linaweka giza, vitundu vinafunga mapema, ndani kunakuwa na joto, na jioni ukiingiza mkono unatoka na harufu ya uchachu.

Urefu wa kukatia: acha kisiki cha sentimita 7 hadi 10. Kinasaidia nyasi kuchipua upya, na kinaibeba hei juu ya ardhi ili hewa ipite chini yake. Ukifyeka mpaka udongo unaonekana umejinyima vyote viwili, halafu reki inakuletea mchanga.

Wakati wa kukata: mashuke yanapoanza kuchungulia. Machache tu. Hapa najua tutagombana.

#2 Kwanja Butu

Tugombane basi. Nikikata mashuke yakiwa yanachungulia napata nusu ya mzigo. Nikisubiri mbegu, zizi linajaa. Ng'ombe wangu hawajui protini, wanajua tumbo.

#3 Mtema Majani

Kwanja Butu, tumbo ndilo hilohilo ninalolisemea. Anayesaga nyasi si ng'ombe, ni vijidudu walio kwenye tumbo lake la kwanza, na wao wanahitaji naitrojeni. Protini ya malisho ikishuka chini ya asilimia 7 hivi wanalegea, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, mnyama anajisikia ameshiba na hali tena. Utamkuta amelala anacheua, tumbo limetuna, na mbavu zinahesabika. Nyasi za Rhodes zikikatwa zikianza kuchanua zinaweza kuwa na asilimia 10 au zaidi kama ardhi ina rutuba. Subiri mbegu zikauke na mara nyingi umeshuka chini ya huo mstari wa 7. Ulichojaza zizini ni mashina.

Halafu huhesabu mavuno ya pili. Nyasi zilizokatwa mapema zinachipua haraka wakati udongo bado una unyevu. Zilizoachwa mpaka zikazeeka zinachipua kwa kusitasita, na msimu umeshakwisha.

#4 Kwanja Butu

Hilo la mavuno ya pili nalipokea. La kwanza bado nalitafakari, na mbegu nazitaka za kupandia.

#5 Mzee wa Reki

Mbegu, acha kona moja ikomae uvune mbegu. Shamba zima lisizeeke kwa ajili ya kona.

#6 Mbuzi Kumi

Nipo, nimekaa mstari wa mbele. Swali langu ni dogo: nikate saa ngapi? Nimesoma mahali kwamba jioni ndiyo nyasi zina sukari nyingi.

#7 Mzee wa Reki

Ni kweli, mwanangu. Jani linatengeneza sukari mchana kutwa, kwa hiyo alasiri inakuwa nyingi kuliko alfajiri. Lakini ukikata alasiri, usiku unakuja kabla nyasi hazijanyauka, na usiku kucha zinapumua na kuila hiyo sukari uliyoifuata. Penye hewa kavu na jua la kutosha unaweza kupata faida. Penye unyevunyevu hewani, kata asubuhi.

Utaratibu wangu ni huu. Umande ukishakauka, saa tatu au saa nne, nakata na kutandaza. Saa saba au saa nane nageuza. Kabla jua halijazama nakusanya kwenye mistari iliyonyanyuka kidogo, ili umande wa usiku uishie juu tu na usilowanishe kila jani. Kesho yake umande ukiondoka natandaza tena, nageuza, napima. Jua likiwa kali na upepo upo, siku ya pili jioni au ya tatu inakuwa tayari. Mawingu yakiwepo inachelewa, na hapo ndipo utamshukuru aliyekwambia ukate kidogo.

Wanaotumia ule mundu mrefu wa mikono miwili wana sheria yao: wao wanakata alfajiri na umande, kwa sababu ubapa wake unateleza vizuri kwenye jani bichi lenye maji. Jua likitoka wameshamaliza kufyeka, wanatandaza na kwenda kunywa chai.

#8 Bi Zizi

Wanangu mmezungumza vizuri, ila wote mnasema "napima" na hakuna aliyesema anapima na nini. Mimi sina kipimo cha umeme. Natumia vitu vitatu.

Cha kwanza ni mikono. Chukua nyasi za kujaza viganja viwili, shika kila mwisho kwa mkono mmoja, zisokote kwa nguvu kama unakamua nguo. Zikisikika kuvunjikavunjika na mashina kukatika baada ya kusokota mara chache, umekaribia. Zikijipinda kimya bila kukatika, bado. Zikivunjika zote mara moja na majani kuwa unga, umezikausha kupita kiasi.

Cha pili ni ukucha. Usiangalie jani, jani linakauka kwanza na linadanganya. Chagua shina nene kuliko yote, tafuta kifundo chake, kwangua kwa ukucha. Ngozi ikivuka na chini pakawa na ubichi au unyevu, maji yako yote yamejificha hapo. Kifundo kikiwa kigumu na ngozi haivuki, funga. Mashina matatu manne kutoka sehemu tofauti za shamba, hasa yale ya chini ya mti na ya bondeni.

Cha tatu ni chumvi. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ikaushwe kabisa. Nyasi zilizokatwa vipande vifupi zijae theluthi moja, kisha kijiko kimoja cha chumvi kavu, na nasema kavu, si ile iliyoganda jikoni. Funga, tikisa dakika moja au mbili. Chumvi ikibaki inachezacheza chini, unyevu uko kwenye asilimia 15 au pungufu. Ikishikana na kung'ang'ania kioo, rudisha juani.

Mwenye mizani ndogo ya jikoni ana njia ya uhakika zaidi. Pima gramu 100 za hei, zikaushe taratibu kwenye oveni huku ukipima tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Gramu zilizopotea ndiyo asilimia ya unyevu.

#9 Mbuzi Kumi

Shikamoo Bi Zizi. Hii ya kifundo sijawahi kuisikia.

#10 Bi Zizi

Marahaba. Basi usiiache.

#11 Lusina Kwanza

Mnazungumzia nyasi tu, wenye mikunde mmetusahau. Lusina, desmodiamu, hata majani ya karanga baada ya kuvuna: utaratibu wa Mzee wa Reki ukiufuata kama ulivyo utabaki na vijiti. Kwenye mikunde protini nyingi iko kwenye jani, na jani lake linakauka na kupukutika wakati shina bado lina maji. Geuza siku ya kwanza likiwa limenyauka na bado laini. Kuanzia siku ya pili usiliguse mchana. Liguse asubuhi mapema, umande ukiwa umelilainisha kidogo, tena kwa uma wa shamba, unalinyanyua na kulipindua taratibu. Reki ya kukwaruza ni adui. Kufunga pia ni asubuhi, umande ukikaribia kuisha, si saa nane mchana.

Kata asilimia 10 hivi ya mimea ikiwa imetoa maua, yaani kila mimea kumi, mmoja una ua.

Anayeweza akaushe juu ya vichanja au miti mitatu iliyofungwa juu na kutanuliwa miguu. Hewa inapita chini, hugeuzi, jani halianguki. Nchi zenye mvua za hovyo zimeishi hivyo karne nyingi. Norwei walikuwa wanatundika nyasi kwenye nyaya zilizofungwa kwenye nguzo, Slovenia wana vichanja vikubwa vyenye paa vinavyoitwa kozolec, na vingine bado vimesimama mashambani.

#12 Fundi Mbao

Nimesubiri mfike kwenye kufunga. Sanduku la kufungia marobota ni kazi ndogo sana kwa mwenye msumeno na misumari. Vipimo vilivyozoeleka ni urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, juu na chini wazi. Ni fremu tu ya mbao isiyo na kitako. Upande wa ndani upigwe randa ulainike, robota lisikwame wakati wa kutoa. Weka vishikio viwili vya kunyanyulia.

Namna ya kutumia: liweke sehemu ngumu na safi. Tandika kamba mbili ndani kwa kukatisha upana, zipande ukuta huu, zipite chini, zipande ukuta wa pili, na ncha zining'inie nje. Zishikize ncha kwenye misumari miwili kila upande, la sivyo utazitafuta chini ya nyasi. Jaza tabaka la kiganja kimoja, ingia, kanyaga kuanzia kwenye pembe kwenda katikati. Watu wengi wanakanyaga katikati na robota linatoka na pembe laini zinazobomoka. Ongeza tabaka, kanyaga, mpaka lifike juu. Funga kamba kwa fundo linaloteleza, vuta huku goti limelala juu ya robota, kaza. Nyanyua sanduku, robota linabaki chini.

Likikanyagwa vizuri linatoa kilo 20 hivi. Lile la kubanwa kivivu kilo 12 au 13, na linachukua nafasi ileile ghalani. Kamba ya katani ni nzuri kwa sababu ikianguka kwenye hori haina madhara makubwa. Ya nailoni lazima uzihesabu unapofungua: nane zimefungwa, nane zirudi. Ng'ombe akimeza inajisokota tumboni na haitoki.

#13 Kwanja Butu

Kwani lazima kufunga? Zamani watu walikuwa na marundo yasiyofungwa na mifugo ilikula.

#14 Mzee wa Reki

Si lazima. Kufunga kunakupa mambo mawili: nafasi ndogo ya kuhifadhia, na hesabu. Ukiwa na mahali pa kutosha, lundo la mti wa katikati linafaa. Unasimika nguzo, chini unatandika magogo na matawi, unapanga hei kuzunguka nguzo ukikanyaga katikati ili kati pawe juu kuliko kando daima, juu unachonga ncha. Ukimaliza chana ubavu mzima kwa reki kuelekea chini, majani yalale kama paa la nyasi na mvua itiririke. La nje litachakaa na kuwa rangi ya majivu, la ndani linabaki la kijani.

Turubai ukilitumia usiligandamizie moja kwa moja juu ya hei. Mvuke unaotoka ndani unagonga turubai usiku, unageuka maji, unarudi ulikotoka. Acha nafasi ya hewa kati yake na hei.

Ghalani vilevile. Chini weka magogo au paleti, ukutani acha upenyo wa mtu kupitisha mkono. Tabaka la chini kabisa likikaa juu ya saruji au udongo litanyonya unyevu na utalitupa.

#15 Mawingu Mazito

Imeninyeshea jana usiku ikiwa uwanjani. Je, nimepoteza?

#16 Mtema Majani

Ilikuwa imekaa muda gani?

#17 Mawingu Mazito

Nilikata jana hiyohiyo mchana.

#18 Mtema Majani

Basi pole kidogo tu. Nyasi mbichi ya saa chache ikinyeshewa haipotezi kingi, maji yanapita juu ya ngozi iliyo hai. Iliyokaribia kukauka ndiyo mvua inaiharibu: ngozi imepasuka, maji yanaingia na kutoka na sukari na madini. Usiiguse sasa hivi ikiwa imelala kwenye tope. Subiri juu pakauke, kisha ipindue yote na uitandaze nyembamba kuliko mwanzo. Ikichukua siku nyingi na kuanza kunuka uvundo, ifanye matandazo ya bustani. Usiifunge kwa uchungu wa kazi uliyoifanya.

#19 Shabiki wa Sileji

Au msimu wa mvua zisizoeleweka mngeshindilia sileji kwenye mifuko mkalala usingizi. Nyasi zinyauke kidogo, zikatwekatwe, zishindiliwe, hewa itoke, basi.

#20 Mtema Majani

Sikupingi. Ila mfuko ukitobolewa na panya umekwisha, na ukiufungua lazima uumalize mapema. Hei unachomoa robota moja leo, moja wiki ijayo.

#21 Haiingii Akilini

Nimesikia watu wanasema hei ikifungwa mbichi inawaka moto yenyewe. Jamani, kitu chenye maji kinawakaje? Si kuna mtu alitupa kichungi cha sigara akasingizia nyasi?

#22 Mganga wa Mifugo

Inawaka, ndugu, na maji ndiyo chanzo. Hei yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20 inawapa uhai bakteria na kuvu. Wanakula, wanatoa joto na maji. Joto kidogo wiki ya kwanza na ya pili ni kawaida, wafugaji wanasema hei inatoa jasho. Likifika nyuzi 70 za Selsiasi hivi vijidudu wengi wanakufa, lakini hapo kazi inapokelewa na mabadiliko ya kikemia ambayo yenyewe yanazidi kutoa joto. Katikati ya lundo kubwa joto halina pa kutokea kwa sababu hei ni kizuizi kizuri. Ikifika 80 au zaidi, kinachokosekana ni hewa tu. Mtu anaona moshi, anakimbilia kulifumua lundo, hewa inaingia, moto unalipuka usoni pake. Ukifika hapo ita zimamoto kwanza, usiguse.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwenye malundo makubwa yaliyobanwa sana. Marobota machache ya kukanyaga kwa miguu mara nyingi yataishia kuota ukungu. Hata hivyo, wiki sita za mwanzo chomeka chuma kirefu katikati ya lundo, kiache dakika 20, kivute na ukishike. Kikiwa vuguvugu, sawa. Kikiwa huwezi kukishikilia, lundo lako lina shida. Na kwa lundo lenye joto usipande juu peke yako, ndani linaweza kuwa limeungua na kuacha shimo.

Na huo ukungu wasiudharau wenye mifugo. Farasi ndiye anayeathirika upesi, kifua chake hakivumilii vumbi lake. Ng'ombe mwenye mimba naye asilishwe. Mfunguaji pia: yule anayefungua marobota yenye vumbi jeupe kila siku bila kufunika pua anaweza kupata ugonjwa wa mapafu unaoitwa mapafu ya mkulima, homa na kukohoa saa chache baada ya kazi, na ukirudiarudia mapafu yanaharibika moja kwa moja.

#23 Mganga wa Mifugo

Naongeza maana hakuna aliyegusia magugu. Mnyama malishoni anayakwepa mengi yenye sumu kwa sababu ni machungu. Yakikauka ndani ya robota uchungu unapungua na hawezi kuyachambua tena, lakini sumu nyingine haiendi popote. Jamii ya Senecio, yenye maua ya njano, inaharibu ini hata ikiwa hei ya mwaka jana. Tembea kipande chako kabla ya kukata, ng'oa, toa nje.

Mtama na jamaa zake una habari mbili tofauti. Ile sumu ya sianidi ya machipukizi machanga inapungua sana hei inapokauka vizuri. Naitreti, inayojikusanya mmea ukipigwa na ukame baada ya mbolea nyingi, haipungui kwa kukaushwa. Inabaki ilivyo.

Na kuna kisa kimoja ambacho huwa nawasimulia wanaosema "ukungu kidogo hauui". Miaka ya 1920, Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walianza kufa kwa kutokwa damu. Ukimhasi ndama, ukimkata pembe, damu haikomi. Frank Schofield, daktari wa mifugo kule Ontario, akaonyesha kwamba chanzo ni hei ya Melilotus, mmea wa jamii ya mikunde, iliyoota ukungu. Mmea wenyewe hauna shida, una harufu tamu. Ukungu ndio unaoigeuza hiyo harufu kuwa sumu. Baadaye Karl Paul Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaitenga sumu yenyewe, dikumaroli, na kazi hiyo ikazaa warfarini, ambayo mwaka 1948 iliingia sokoni kama sumu ya panya na baada ya hapo ikawa dawa ya watu ya kuzuia damu kuganda. Yote hayo yameanzia kwenye hei iliyoota ukungu.

#24 Haiingii Akilini

Imeingia.

#25 Mbuzi Kumi

Mimi sasa nataka hesabu. Nina mbuzi kumi, jina langu halidanganyi. Kila mmoja kilo 35 hivi. Nataka hei ya kiangazi cha miezi mitatu. Nikate eneo gani?

#26 Mtema Majani

Mbuzi anakula kitu kikavu asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake kwa siku. Chukua kilo 1.2. Kumi ni kilo 12, ambazo kwa hei yenye unyevu wa asilimia 15 ni kilo 14 kwa siku. Siku 90 ni kilo 1,260, marobota 63. Ongeza asilimia 15 ya kumwagwa, na kwa mbuzi naona nimekuwa mpole. Tuseme marobota 72 au 73.

Sasa shamba. Tengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja, itupe mahali pa kawaida, si pale penye nyasi nzuri kuliko kwingine. Kata zote zilizo ndani, kausha mpaka zifaulu mtihani wa Bi Zizi, pima. Rudia sehemu nne tano, tafuta wastani. Ukipata gramu 300, hiyo ni tani 3 kwa hekta, kama tani 1.2 kwa ekari kwa mkato mmoja. Kilo zako 1,449 zinataka ekari moja na robo hivi. Kama wanapata pia matawi na majani mabichi na hei ni nusu tu ya mlo, gawanya kwa mbili.

Gramu zako zikitoka 150, usilaumu fremu.

#27 Bi Zizi

Na hori uliinue, mwanangu, lifike kifuani kwa mbuzi. Mbuzi akiikanyaga hei mara moja tu haili tena, hata awe na njaa.

#28 Lusina Kwanza

Anayepata gramu 150 aangalie samadi yake iko wapi. Kila tani ya hei ya nyasi inaondoka na kilo 15 hadi 20 za naitrojeni, potasiamu kiasi kama hicho, na fosforasi kilo 2 au 3. Malishoni mnyama anarudisha nyingi ya hizo palepale kwa kinyesi na mkojo. Kwenye hei umebeba zote kuzipeleka zizini. Ukikata miaka mfululizo bila kurudisha, nyasi ulizopanda zinapotea, yanabaki magugu yanayovumilia dhiki. Mkojo una sehemu kubwa ya potasiamu, kwa hiyo matandiko yaliyoloa ndiyo ya kwanza kurudi shambani. Yatawanye mara baada ya kukata, visiki vikiwa vifupi, yasije yakachanganyika na hei ijayo.

#29 Kwanja Butu

Nimefyeka kipande leo asubuhi. Kidogo, kama mwanzisha uzi anavyotaka. Mashuke yalikuwa yanachungulia, na Mzee wa Reki asiwe na wasiwasi, kona ya mbegu nimeiacha.

#30 Mzee wa Reki

Umegeuza?

#31 Kwanja Butu

Saa nane. Jioni nimekusanya mistari.

#32 Kwanja Butu

Wakuu narudi na majibu ya leo, siku ya pili, saa kumi. Kusokota: inavunjikavunjika. Ukucha: mashina membamba yako sawa, yale manene ya karibu na mfereji ngozi bado inavuka. Chumvi: nusu inacheza, nusu imeng'ang'ania kioo. Sanduku liko tayari na kamba nimeshatandika. Nifunge?

#33 Bi Zizi

Usifunge. Za karibu na mfereji zitenge, kesho zianike peke yake juu ya kichanja. Hizo nyingine zikusanye mistari kwa usiku mmoja zaidi, kesho zifungue umande ukiisha, saa sita chukua mashina manene tu ndiyo upime. Na hiyo chupa ikaushe kwanza.